Kunguru analindwa, sungura lazima auawe: sheria kwenye viwanja vya gofu England

MTUNZA uwanja wa gofu nchini England akikuta alfajiri kunguru wamefukua nyasi alizozihudumia mwaka mzima, hana ruhusa ya kuwapiga risasi ili kuziokoa. Akikuta waliofukua ni sungura, sheria haimruhusu tu kuwaua, bali inamtaka awapunguze.

Tofauti hiyo haitokani na ukubwa wa hasara. Inatokana na swali ambalo mkulima yeyote angeliona la ajabu: je, nyasi za gofu ni mazao?

Sheria inayohusika ni ile ya Wanyamapori na Maeneo ya Vijijini ya mwaka 1981. Inaanza kwa kuwalinda ndege wote wa porini pamoja na viota na mayai yao. Baada ya hapo ndipo inaruhusu serikali kutoa vibali vya kuwaua kwa sababu zilizotajwa, ikiwemo kuzuia hasara kubwa kwa mifugo, chakula cha mifugo, mazao, mboga, matunda, miti ya mbao, uvuvi na maji ya bara.

Nyasi za kuchezea hazimo katika orodha hiyo. Kwa ndege, kisichotajwa hakiruhusiwi. Hata kuomba kibali maalumu kwa ajili ya klabu moja hakusaidii, kwa kuwa kibali hicho nacho hufungwa na sababu zilezile.

Kunguru yuleyule akivuka ua na kuingia kwenye shayiri ya jirani, mambo hubadilika. Mwenye shamba, au mtu aliyempa ruhusa, anaweza kumpiga chini ya kibali cha jumla, ambacho hakiombwi bali masharti yake lazima yafuatwe. Hasara iwe kubwa kweli, na njia nyingine kama kuwatisha na kufunika mazao ziwe zimejaribiwa.

Kuna jambo moja ambalo wenye klabu za gofu wana haki ya kulinung'unikia. Katika sheria hiyohiyo, neno "mifugo" linajumuisha wanyama wanaotunzwa kwa ajili ya kuwindwa. Hivyo ndege anayefugwa ili matajiri waje kumpiga risasi siku ya mapumziko analindwa dhidi ya kunguru kama kuku wa mkulima, lakini uwanja wa gofu, wenye wafanyakazi wa kulipwa na wateja wa kila siku, haumo. Mchezo wa bunduki ulikumbukwa, mchezo wa fimbo ukasahauliwa.

Vibali vyenyewe vimepitia misukosuko. Aprili 2019, baada ya kundi la watetezi wa wanyamapori liitwalo Wild Justice kufungua shauri, shirika la serikali la Natural England lilifuta vibali vitatu vya jumla kwa taarifa ya siku chache tu. Wakulima waliokuwa na wana-kondoo malishoni walijikuta hawajui kama wanaweza kumgusa kunguru. Wizara ilitoa vingine Juni mwaka huo, na mfumo mpya ulianza Januari 2021.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asimchanganye kunguru huyu na yule mwenye shingo ya kijivu, mgeni kutoka Bara Hindi, ambaye mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuua milioni moja kwa sumu. Kule England kunguru ni mwenyeji, na kumwekea sumu ni kosa. Anayeua ndege wa porini bila kibali anaweza kufungwa hadi miezi sita, kutozwa faini isiyo na kikomo, au vyote viwili.

Kiuchumi, hata hivyo, risasi isingeokoa kitu. Kunguru hali nyasi. Anafukua kutafuta mabuu yanayotafuna mizizi, hivyo anapochimba ndipo penye tatizo. Mwaka 2016 Uingereza iliondoa karibu matumizi yote ya dawa ya klopirifosi, iliyokuwa ikiua mabuu hayo, na watunza viwanja wakabaki na njia chache. Baadhi hunyunyizia minyoo midogo isiyoonekana kwa macho ambayo huingia ndani ya buu na kuliua. Inafanya kazi iwapo udongo una unyevu na joto la kutosha, na bei yake si ya kila klabu.

Kwa sungura historia ni nyingine kabisa, na ni ya wakulima. Zamani mpangaji wa shamba aliweza kutazama sungura wakimaliza ngano yake bila kuwagusa, kwa kuwa haki ya kuwinda ilibaki kwa mwenye ardhi. Mwaka 1880 Bunge lilimpa kila anayeitumia ardhi haki ya kuwaua, na mkataba wowote wa kumnyang'anya haki hiyo ukawa batili. Klabu iliyopanga ardhi inanufaika pia, ila mbali na mpangaji mwenyewe, haki hiyo inamruhusu mtu mmoja tu mwingine kutumia bunduki, tena kwa ruhusa ya maandishi.

Mwaka 1953 ugonjwa wa miksomatosi uliingia nchini na kuua sehemu kubwa kabisa ya sungura. Serikali ikaona nafasi ya kuwamaliza waliobaki. Sheria ya Wanyama Waharibifu ya 1954 iliweka wajibu juu ya ardhi karibu yote ya England na Wales: anayeishikilia aue sungura walioko, au pale isipowezekana, azuie wasilete hasara. Ilikataza pia kumtumia sungura mgonjwa kusambaza ugonjwa huo kwa makusudi.

Hapo klabu inaweza kugeuka mdaiwa. Sungura wakizaliana kwenye vichaka vyake na kula mazao ya jirani, jirani anaweza kulalamika serikalini. Klabu ikipewa notisi na kuipuuza, kazi hufanywa na wengine na gharama hudaiwa kwake.

Ugomvi wa aina hii si mpya. Mwaka 1797 halmashauri ya mji wa St Andrews huko Scotland, iliyokuwa imefilisika, iliuza uwanja wake maarufu kwa wafanyabiashara waliotaka kufuga sungura. Wacheza gofu na wafugaji hao walipigana, mahakamani na uwanjani, hadi 1821 mpenzi mmoja wa gofu alipoinunua ardhi hiyo.

Bunduki nayo ina masharti yake. Kuingia nayo kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa ni kosa, hata ikiwa ya upepo. Kufyatua ndani ya futi 50, yaani kama mita 15, kutoka katikati ya barabara ya magari ni kosa ikiwa mpita njia ataumia, atazuiwa au atahatarishwa. Scotland, tangu mwisho wa 2016, hata bunduki nyingi za upepo zisizo na nguvu kubwa zinahitaji cheti cha polisi.