Vina au Maana?

Wengi wenu mkitunga shairi mnahesabu kwanza: mizani 16 kila mstari, mistari minne kila ubeti, na vina juu yake. Desturi nzuri hiyo, inasaidia kukumbuka. Lakini tuliwahi kuona mwanakisomo aliyetaka kueleza jinsi kisima cha kijiji kilivyokauka. Kina kikamshinda, akaishia kusifu bahari, ambayo hajaiona! Kisima kikasahaulika.

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa kitabu cha Kichomi, chenye mashairi yasiyofuata vina na mizani. Baadhi ya washairi walipinga, wakasema hayo si mashairi. Sisi tunasemaje? Jifunzeni kuhesabu, ndiyo. Ila kina kikiwadai mseme msilolitaka, kiacheni. Na mwalimu, kabla ya kuweka alama nyekundu, asome kwanza kisima kimekauka lini.