Kuitwa Tena Kupimwa Kifua Si Kunyimwa Safari

Watoto wetu wengi siku hizi wako Dar es Salaam. Wengine wanakaa Mbagala na Tandika, upande wa Temeke. Wengine wako Tegeta na Bunju, upande wa Kinondoni. Kati yao wapo ambao waume zao au wake zao wako ng'ambo, nao wanaomba ruhusa ya kuwafuata. Wanatakiwa kupimwa kifua. Mtu hupimwa mara moja, kisha huambiwa, "Rudi, tunataka makohozi." Basi maneno huzuka nyumbani. Eti ni mgonjwa! Eti amenyimwa! Leo tuelezane jambo hili.

Kwa nini wanapima?

Tuchukue mfano wa Uingereza. Mtanzania anayetaka kukaa kule zaidi ya miezi 6 hutakiwa kuwa na cheti kinachoonyesha kwamba hana kifua kikuu cha kuambukiza. Mke anayemfuata mume yumo katika sheria hii. Mume anayemfuata mke yumo pia. Si Tanzania peke yake. Nchi nyingi zimo katika orodha hiyo.

Cheti hiki hakitoki hospitali yoyote tu. Uingereza hukubali kliniki iliyoiteua yenyewe. Kwa Dar es Salaam kazi hiyo hufanywa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ambalo watu hulijua kwa jina la IOM. Mtu akipeleka cheti cha hospitali ya Temeke au Mwananyamala, hata kama ni cha kweli kabisa, hakitamsaidia kwa jambo hili.

Picha huona kovu, haioni umri wa kovu

Kwanza mtu hupigwa picha ya kifua. Mapafu yakionekana safi, hupewa cheti. Picha ikionyesha doa, daktari hawezi kusema papo hapo doa lile ni nini. Huenda mtu aliugua kifua kikuu zamani akapona, likabaki kovu. Huenda aliugua ugonjwa mwingine wa mapafu. Au huenda ana kifua kikuu sasa hivi bila kujua. Ni kama kovu la mguuni: ukiliona kwa mbali hujui kama kidonda kimepona au bado. Ndiyo maana makohozi hutakiwa.

Makohozi hutolewa asubuhi, siku 3 mfululizo. Anayetoka mbali ajipange kwa nauli na mahali pa kulala kwa siku zote 3. Makohozi si mate. Sukutua kinywa kwa maji safi, vuta pumzi ndefu, kisha kohoa kutoka ndani kabisa ya kifua.

Mbona majibu yanachukua miezi 2?

Hapa ndipo watu wengi hugombana. Mume aliye ng'ambo hupiga simu: "Mbona hospitali zetu hutoa majibu ya makohozi siku hiyohiyo?" Ni kweli, ziko mashine ambazo hutoa majibu kwa saa 2 hivi. Lakini kwa safari hii wanataka pia kuotesha vijidudu vyenyewe.

Kuotesha ni kama kupanda mbegu kwenye kitalu. Makohozi huwekwa katika chakula cha vijidudu, maabara, kisha watu husubiri waone kama kitaota kitu. Vijidudu vingi vya magonjwa mengine huongezeka mara mbili kwa dakika 20 au 30. Kijidudu cha kifua kikuu ni mvivu: huchukua karibu saa 20. Basi majibu kamili huweza kuchukua wiki 8. Hakuna afisa anayeweza kuviharakisha, hata umpe nini.

Kwa hiyo usikate tiketi ya ndege, wala usiuze kiwanja, kabla ya majibu kutoka. Na mwenzi aliye mbali aambiwe mapema ili asidhani anafichwa jambo.

Mambo ya hatari

Wako vishoka watakaosema, "Lete fedha, nitakupa cheti." Cheti cha kughushi kikigunduliwa, ombi hukataliwa, na mtu huweza kufungiwa kuomba tena kwa miaka mingi. Wengine hutaka kupeleka makohozi ya ndugu. Huo ni udanganyifu uleule. Tena kama una ugonjwa kweli, utabaki nao, na watoto unaolala nao chumba kimoja watauvuta.

Usinunue dawa za kifua dukani ukazimeza kwa siri kabla ya kutoa makohozi. Zinaweza kuvuruga kipimo. Kama uliwahi kutibiwa zamani, sema, na upeleke kadi yako. Mama mjamzito aseme kabla ya kupigwa picha. Anaweza kukingwa tumbo wakati wa picha, kupimwa makohozi badala yake, au kungoja hadi ajifungue.

Je, ukikutwa nao?

Basi utatibiwa. Dawa za kifua kikuu ni za bure katika vituo vya serikali. Kwa ugonjwa wa kawaida, dawa humezwa kwa miezi 6. Ukimaliza, unapimwa tena na safari inaweza kuendelea. Watu wa nyumbani nao wapimwe, hasa watoto. Ugonjwa ukiwa sugu kwa dawa, matibabu huwa ya namna nyingine. Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, inajulikana kwa kazi hiyo.

Tusione aibu. Mwaka 1977 nchi yetu ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, akisaidia Daktari Karel Styblo. Dunia ilijifunza mengi kutokana na kazi iliyofanyika hapa, na katika miaka ya 1990 njia hiyo ya kutibu ikaenezwa katika nchi nyingi.

Cheti kikipatikana, hutumika kwa miezi 6 tu. Soma mwenyewe tarehe iliyoandikwa, usingoje kusomewa. Sasa unajua kusoma. Na jirani akikuambia kwamba binti yake ameitwa tena kutoa makohozi, usimcheke. Mweleze yale uliyoyasoma hapa.