Kipele Kisichouma

Mgonjwa mwenye jino linalouma namtambua tangu mlangoni: ameshika shavu, macho mekundu kwa kukesha. Mwenye kipele cha fizi haji hivyo. Hukaa, huniamkia, huuliza habari za nyumbani, ndipo anainua mdomo kwa kidole. "Kuna kitu hapa, Dokta. Hakiumi, ila kinakuja na kuondoka." Mimi ni daktari wa meno Tanga, na katika yote ninayoonyeshwa, hicho kisichouma ndicho kinachonitia wasiwasi.

Swali langu la kwanza huwa: kabla ya kipele, jino la upande huo liliwahi kukukosesha usingizi? Karibu kila mmoja anakumbuka. Liliuma, akasukutua kwa maji ya chumvi, akameza Panadol, likanyamaza. Miezi ikapita, kipele kikatokea. Yeye anaona ni mambo mawili. Ni jambo moja.

Ndani ya jino mna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Tundu la kuoza likifika huko, vijidudu huingia na kiini huvimba. Kwa kuwa kuta zinazokizunguka ni ngumu, hakina pa kutanukia. Ndiyo maana maumivu yake humliza hata mtu mzima. Kisha kiini hufa. Kilichokufa hakiumi, na hapo mtu husema amepona, kumbe vijidudu vimebaki vikila mabaki na kusogea hadi ncha ya mzizi. Mwili hupambana navyo ndani ya mfupa wa taya, usaha hukusanyika, na usaha hauwezi kukaa bila kutafuta njia. Hutoboa mfupa pale ulipo mwembamba, mara nyingi upande wa shavuni, na kutokeza kwenye ufizi kama kipele. Kikijaa, hupasuka, mtu husikia ladha ya chumvi au harufu mbaya mdomoni, kinasinyaa, halafu baada ya muda kinajaa tena.

Nacho si lazima kitokeze mbele ya jino lenye ugonjwa. Usaha hufuata njia nyepesi, ukaibukia hata karibu na jino zima la jirani. Penye mashine ya eksirei tuna namna ya kuufuatilia: tunaingiza kwenye tundu la kipele kijiti laini cha gataperka, ule mpira wa utomvu wa miti ya Asia ya Kusini Mashariki tunaojazia mizizi, kisha tunapiga picha. Huonekana mweupe, ukipita mfupani hadi kwenye ncha ya mzizi unaohusika. Napenda kumwonyesha mgonjwa picha hiyo. Maneno mengi huwa hayahitajiki tena.

Wapo wanaokuja na nusu ya dozi ya amoksisilini waliyonunua duka la dawa. Dawa hiyo husafiri kwa damu, na kiini kilichokufa hakina damu. Itapunguza uvimbe wa pembeni, lakini chanzo haikifikii. Ina kazi yake pale uso unapovimba au homa inapopanda, na hata hapo haitoshi peke yake. Karafuu nayo ninaiheshimu: mafuta yake hutuliza kweli, na sisi wenyewe huyachanganya na unga wa zinki kuziba jino kwa muda. Ila kutuliza ni kutuliza. Ninachowasihi watu waache ni aspirini ya kuwekwa juu ya ufizi, ambayo huunguza nyama, na maji ya betri, ambayo ni tindikali tupu.

Hatari kubwa ni usaha unapokosa mlango. Mizizi ya magego ya nyuma ya chini imekaa karibu na nafasi zilizo chini ya ulimi na taya. Usaha ukimwagikia huko, shingo hukaza, ulimi huinuka, mtu hushindwa kumeza mate na sauti hubadilika. Daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na hadi leo unaua kwa kuziba njia ya hewa. Mgonjwa wa hivyo hasubiri asubuhi. Apelekwe hospitali usiku huohuo.

Kuna uvimbe mwingine wa fizi ambao si ugonjwa kabisa, na huo unaniumiza moyo kuliko wote. Mtoto mchanga ana homa na kuhara. Bibi au jirani anafunua kinywa, anaona vifundo vyeupe penye meno ya chonge, anasema ni meno ya plastiki. Mtoto anapelekwa kukatwa fizi, pengine kwa njiti ya baiskeli. Kinachotolewa pale ni jino changa linalosubiri wakati wake. Homa ilikuwa ya malaria, au ya nimonia, nayo inabaki, sasa ikiongezewa kidonda na damu iliyopotea. Mama mwenzangu, vifundo hivyo viache. Mpeleke mtoto akapimwe homa.

Kwa mtoto mkubwa mwenye kipele karibu na gego la utoto lililooza, msiseme litang'oka lenyewe. Gego hilo linaweza kukaa hadi miaka 10 au 12, na chini yake linajengwa jino la kudumu. Usaha ukilifikia, litaota na madoa au mashimo.

Tiba ya jino lenye kipele ni mbili: kusafisha mzizi na kuujaza, au kung'oa. Wengi huchagua kung'oa kwa sababu ya gharama, nami siwalaumu, ingawa jino lenye kuta imara huwa naliombea nafasi. Kipele chenyewe sikikati wala sikipaki dawa. Mzizi ukishasafishwa vizuri, mara nyingi hujifunga chenyewe ndani ya wiki chache. Mfupa uliotobolewa huchukua miezi kujijaza, ndiyo maana namwambia mgonjwa arudi tupige picha nyingine.