Soriasisi: namna ya kusaidia pomadi ipite mu ngozi

Wagonjwa wengi wa soriasisi wanapakaa pomadi wiki nzima, hawaone mabadiliko, kisha wanaacha. Mara nyingi dawa si mbaya. Shida ni kwamba haifike mahali ugonjwa uko.

Soriasisi ni mabaka mazito yenye magamba, zaidi ku viwiko, magoti, mugongo na kichwa. Ku ngozi nyeusi mabaka yanaweza kuonekana ya kahawia ao zambarau. Haiambukize: haipite kwa kusalimiana, kula sahani moja ao kuoga pamoja mu ziwa Tanganyika. Hakuna sababu ya kumukimbia jirani.

Ngozi ya juu iko kama paa la nyasi: tabaka juu ya tabaka, na mafuta katikati, ili maji yasipite. Kawaida inajifanya upya karibu kwa mwezi mmoja. Kwa mwenye soriasisi inachukua siku chache tu, njo magamba yanarundikana. Ukipakaa pomadi juu yake, inabaki inje.

Kwa hiyo, kwanza lainisha magamba kwa maji ya vuguvugu, bila kuyakwangua. Pangusa kidogo, kisha pakaa dawa wakati ngozi ingali na unyevu. Pomadi ya mafuta mazito inapita kuliko krimu nyepesi. Munganga anaweza kuongeza asidi salisiliki, ile inaondoa magamba. Vaselini nayo inasaidia kila siku. Kufunika dawa na plastiki kunaiongezea nguvu sana. Usifanye bila munganga.

Lakini ngozi haiko sawa kila mahali. Mu 1967, wachunguzi Feldmann na Maibach wa Marekani walionyesha kwamba ngozi ya mufuko wa korodani inapitisha hidrokotizoni mara 42 kuliko ile ya mukono. Uso pia unapitisha mingi. Ndiyo maana pomadi kali kama klobetasoli, ile watu wengine wanatumia kwa kung'arisha ngozi, haifai uso wala sehemu za siri. Inapunguza unene wa ngozi na kuacha mistari isiyotoka.

Vidonge vya prednisoni navyo ni hatari: ukiviacha, soriasisi inaweza kurudi na nguvu, hata na usaha. Mwenye usaha, homa ao maumivu ya viungo aende haraka ku kituo cha afya.

Soriasisi haina dawa ya kuimaliza kabisa, lakini inaweza kutulizwa.