Hisabati ya Kumnasa Mhujumu

Msomaji mmoja ameuliza: katika mchezo wa Saboteur, mhujumu atatambuliwaje kabla hajaharibu kazi? Jibu lake lilichapishwa zaidi ya miaka 250 iliyopita.

Mchezo wenyewe, kazi ya Frédéric Moyersoen, ulitoka mwaka 2004 na huchezwa na watu 3 hadi 10. Wachezaji hutandaza karata za njia, ukingo kwa ukingo, kuelekea karata tatu zilizofunikwa. Moja tu ina dhahabu. Kanuni nyingine utazisoma kwenye boksi. Mimi nimenaswa na karata za utambulisho. Wachezaji wakiwa watano, huchanganywa karata sita: wachimbaji wanne, wanaoitafuta dhahabu, na wahujumu wawili, wanaowazuia kwa siri. Kila mtu huchukua yake, na ya sita huwekwa kando bila kuonwa na yeyote. Kwa hiyo hata idadi ya wahujumu waliopo mezani ni siri!

Tuseme wewe ni mchimbaji. Zimebaki karata tano usizozijua, na mbili kati yake ni za wahujumu. Uwezekano kwamba jirani yako ni mhujumu ni asilimia 40. Mara anaweka kona inayoikimbia dhahabu. Tukadirie kuwa mhujumu hufanya hivyo mara 3 katika 5, na mchimbaji mara 1 katika 5. Basi kona hiyo ina uzito wa dalili, tuuite hivyo, wa 3. Mwanzo hali ilikuwa 2 kwa 3. Zidisha upande wa mhujumu kwa 3, unapata 6 kwa 3, yaani asilimia 67. Akirudia, 18 kwa 3: asilimia 86. Kona ya tatu humfikisha asilimia 95.

Njia hii ni ya Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza aliyefariki mwaka 1761. Andiko lake lilichapishwa miaka miwili baadaye. Ni sawa na kumpima fundi cherehani. Shati la kwanza likipinda bega, huenda kitambaa kilikuwa kibovu. La pili likipinda bega lilelile, unaanza kuangalia mkasi wake. La tatu, hata akikuonyesha kitambaa chenyewe kimechanika, humwamini tena, kwa sababu vitambaa vibovu havimfuati mtu mmoja mtaa mzima.

Mhujumu mwerevu analijua hilo, naye huanza kwa kuweka njia nzuri. Kwa makadirio yaleyale, karata moja njema humshusha kutoka asilimia 40 hadi 25. Akipinda baadaye, anafika 50 tu. Lakini wema huo una gharama: kati ya karata ya mwanzo na zile tatu zilizofunikwa pana nafasi ya karata saba, na kila njia nzuri aliyoweka inamsogeza mchimbaji kwenye dhahabu.

Kwa hiyo, msomaji wangu, usimvunjie mtu sururu, yaani usimzuie kuweka njia, kwa kona moja. Ngoja ya pili, kisha mvunjie bila huruma.