Je, Wajua? Misuli Iliyouzwa kwa Posta

Je, wajua kwamba karibu miaka 100 iliyopita watu walikuwa wakiagiza kozi ya kujenga mwili kwa barua? Angelo Siciliano, mhamiaji kutoka Italia aliyekulia Brooklyn, Marekani, alivuma kwa jina la Charles Atlas. Mwaka 1929 aliungana na mtaalamu wa matangazo, Charles Roman, wakawa wanawatumia wateja masomo 12 yenye mazoezi na ushauri wa chakula. Vyuma vya kunyanyua havikuhitajika. Atlas alisimulia kwamba wazo hilo lilimjia alipomtazama simba akijinyoosha katika bustani ya wanyama: msuli ushindane na msuli.

Jaribu hapo ulipo. Kutanisha viganja mbele ya kifua, viwiko vikiwa nje, kisha mkono wa kulia usukume wa kushoto, nao wa kushoto ukatae. Sukuma kwa nguvu zako zote, na baada ya sekunde chache mabega yataanza kutetemeka. Hili ni zoezi la kweli, wala halina gharama. Ila usibane pumzi, maana presha hupanda haraka. Mwenye shinikizo la damu amwone daktari kwanza.