Majina Yaliyo Chini ya Picha

Iko picha moja mashuhuri ya mtoto wa kiume akichezesha pia juu ya sitaha ya meli, huku babake na abiria wengine wakimtazama. Meli yenyewe ni Titanic, na mwaka ni 1912. Aghalabu picha hiyo huchapishwa bila kutajwa aliyeipiga. Naye hakuwa mwanahabari wala mtaalamu wa kulipwa, bali mtawa wa Kikatoliki wa Shirika la Yesu, Mwailandi aliyeitwa Francis Browne.

Waandishi wengi humwita Padre Browne hata wanaposimulia safari hiyo, na hapo hukosea. Mwaka 1912 alikuwa na umri wa miaka 32, lakini alikuwa bado masomoni; katika seminari zetu angeitwa frateri. Upadre aliupata tarehe 31 Julai 1915. Nalitaja hili kwa sababu wanafunzi wangu nao huyachanganya maneno padre, frateri na bruda kana kwamba ni visawe.

Alizaliwa Cork tarehe 3 Januari 1880, kitinda mimba katika familia ya watoto wanane. Mamake alifariki siku chache baada ya kumzaa. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, babake naye akafa maji. Akabaki mikononi mwa amu yake, Robert Browne, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Cloyne. Amu huyo ndiye aliyemnunulia kamera ya kwanza mwaka 1897, kijana alipokuwa akienda kuzuru Ulaya kabla ya kuingia utawani. Na ndiye aliyemnunulia tikiti ya daraja la kwanza ya Titanic, ya kutoka Southampton hadi Queenstown nchini Ailandi kupitia Cherbourg. Safari ya siku mbili tu.

Melini walikuwamo Wamarekani matajiri waliopendezwa na mazungumzo yake, wakajitolea kumlipia nauli hadi New York. Browne akampelekea mkuu wake telegramu ya kuomba ruhusa. Jibu alilolipata Queenstown lilikuwa fupi na kali: ashuke melini humo. Akashuka tarehe 11 Aprili pamoja na kamera yake. Usiku wa kuamkia tarehe 15 meli ikazama, na watu zaidi ya 1,500 wakaangamia. Kisa hiki hupendwa sana na wanaohubiri kuhusu utiifu, nami sitaki kuwanyang'anya kazi yao. Linalonivutia mimi ni yaliyofuata.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Browne alikuwa kasisi wa jeshi katika kikosi cha Irish Guards, akajeruhiwa mara kadhaa, akavuta hewa ya sumu, akatunukiwa nishani ya Military Cross. Mapafu yake yakadhoofika. Mwaka 1924 alipelekwa Australia kupitia Cape Town ili apate nafuu katika hali ya hewa yenye joto, na njiani alipiga picha bila kuchoka. Aliporejea Ailandi alipewa kazi ya kuzunguka parokia mbalimbali akihubiri misheni na mafungo. Kazi hiyo ya kuhamahama ndiyo iliyomfikisha katika vijiji ambavyo mpigapicha wa mjini hangevifikia. Alihubiri jioni, mchana alitembea na kamera.

Alifariki tarehe 7 Julai 1960. Kazi yake ikasahaulika ndani ya sanduku la bati kwa miaka 25, hadi mwaka 1985 Mjesuti mwenzake, Edward O'Donnell, alipolifungua. Ndani mlikuwa na negativu takriban 42,000, yaani zile filamu zilizosafishwa ambazo picha hutolewa kwazo. Nyingi zilikuwa zimeanza kuharibika, maana filamu za zamani za naitreti huoza zenyewe kadiri miaka inavyopita, na ilibidi zinakiliwe upya kwa haraka. Lakini zilikuwa na maelezo! Mzee yule alikuwa ameandika mahali na tarehe. Bila maandishi hayo, sanduku lingekuwa na nyuso na majengo maelfu yasiyojulikana ni ya wapi wala ya lini.

Hapa ndipo mwanaisimu anapopata la kusema. Walimu wa Kiswahili hufundisha tofauti kati ya nomino za pekee na nomino za kawaida, na mwanafunzi hudhani ni suala la herufi kubwa na ndogo tu. Itazame tena picha ya yule mtoto mwenye pia. Tunajua kuwa ni Robert Douglas Spedden, mwenye umri wa miaka sita. Tunajua kuwa aliokoka, na kwamba alifariki mwaka 1915 kwa ajali ya gari huko Maine. Jina ndilo lililotuwezesha kumfuata hadi kaburini. Angeachwa kuwa "mtoto" tu, hadithi yake ingekomea pale sitahani.

Sasa tuje kwetu. Wamisionari wa Consolata walifika Tuthu, Murang'a, mwaka 1902, nao walipiga picha nyingi ambazo jarida lao la Turin lilizichapisha. Mashirika mengine yalifanya vivyo hivyo. Picha hizo ni hazina, na anayezidharau kwa kuwa zilipigwa na wageni anajipunja. Lakini soma maandishi yaliyo chini ya picha za misheni za enzi zile: "mzee wa Kikuyu", "wasichana wa misheni", "mganga". Mmisionari mwenyewe ana jina na cheo. Aliyesimama kando yake ni nomino ya kawaida.

Huenda mtu akasema kuwa majina yetu yaliwashinda kuandika. Sikubaliani naye. Charles Sacleux, mmisionari Mfaransa, alikusanya maneno ya Kiswahili na lahaja zake hadi yakajaza kamusi kubwa iliyotoka mwaka 1939. Watu wenye masikio kama hayo hawashindwi na jina la jirani. Hawakuliandika kwa sababu msomaji wa Ulaya hakulihitaji; alitaka kuonyeshwa kabila, si mtu.

Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi wangu zoezi: kila mmoja achukue picha ya kale ya kwao, akawaulize wazee majina. Msichana mmoja alipeleka kwa nyanyake picha ya watu saba waliosimama mbele ya kanisa la mabati. Nyanya aliwatambua watatu, akataja na majina ya baba zao. Kuhusu wale wanne alitikisa kichwa, akasema dadake ndiye angewajua. Dadake alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia.